Tairi ni daluga, tuache kuchagua kwa macho

LIGI ikikolea, kijiweni hakuna kinachoachwa bila kuchambuliwa. Tunajua nani kaanzia benchi, nani ana kadi mbili za njano, nani kabadilisha daluga wakati wa mapumziko kwa sababu uwanja umelowa. Mchezaji akiteleza ndani ya boksi na mpira ukapaa, haipiti dakika utasikia jukwaani: “Kavaa daluga gani huyu?”

Shabiki huyo huyo, mpira ukiisha, anatoka Uwanja wa Benjamin Mkapa mbio mbio kuwahi nyumbani. Anasimamisha bodaboda ya kwanza inayopita. Anabishana bei weee, mpaka shilingi mia tano inapungua. Kisha anapanda, pengine na rafiki yake nyuma, mshikaki. Tairi halitazami hata kwa bahati mbaya.

Kuna atakayeuliza kurasa za michezo na tairi wapi na wapi. Tunamjibu kwamba tairi la pikipiki ni daluga ya pikipiki. Chombo kizima, na dereva wake, na abiria wake, kinagusa ardhi kwa vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Breki zote, kona zote na kasi yote vinapita hapo. Ukikosea daluga, unapoteza mpira. Ukikosea tairi, wenzako watakuja kukuona wodini.

Wenye kumbukumbu za soka wanaijua fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1954 kule Bern, Uswisi. Hungary ya Ferenc Puskas ilikuwa haijafungwa tangu 1950, na kwenye makundi ilikuwa imeipiga Ujerumani Magharibi 8-3. Siku ya fainali mvua ilinyesha. Ndani ya dakika nane Hungary ikawa mbele 2-0, watu wakadhani biashara imekwisha. Lakini Wajerumani walikuwa na daluga za Adi Dassler, zenye meno ya kufungua na kufunga, wakafunga meno marefu yanayofaa kwenye tope. Helmut Rahn akapachika la tatu dakika ya 84, mechi ikaisha 3-2.

Daluga hazikufunga bao hata moja siku ile. Rahn ndiye aliyefunga. Ila mtu asiyesimama vizuri hapigi shuti. Na meno yale marefu yangevaliwa kwenye uwanja mkavu, mgumu kama saruji, yangewachosha miguu Wajerumani wenyewe. Hapo ndipo penye somo letu: hakuna daluga bora kwa kila uwanja, na hakuna tairi bora kwa kila barabara.

Sasa tuje kwetu. Timu ikirudi na kombe, msafara kutoka uwanja wa ndege hauwi msafara bila bodaboda. Vijana wanatangulia mbele, honi juu, bendera mgongoni. Mmoja ananyanyua tairi la mbele, anaenda na la nyuma peke yake mita hamsini, watu wanashangilia. Mwingine anapanda ukingo wa barabara, anaruka, anarudi kwenye lami. Vijana hawa hawakuota haya usingizini, wameyaona kwenye simu.

Waliyemwona pengine ni Toni Bou, Mhispania, ambaye kuanzia 2007 hadi 2024 hakuna mwaka uliopita bila yeye kuwa bingwa wa dunia wa mchezo unaoitwa traiali. Katika mchezo huo pikipiki inapita juu ya miamba, magogo na maporomoko ya maji, na dereva hatakiwi kuweka mguu chini. Akigusa mara moja ni pointi moja ya adhabu, mara mbili ni mbili, tatu na kuendelea ni tatu. Akianguka au akishindwa kupita ni tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Si mchezo wa mbio kabisa, kuna sehemu wanakwenda taratibu kuliko mtu anayetembea.

Au wamemwona Danny MacAskill, kijana wa kisiwa cha Skye huko Scotland, ambaye video yake ya Aprili 2009, iliyopigwa mjini Edinburgh, iliwafanya watu duniani waijue traiali ya mtaani. Yeye anatumia baiskeli. Anaruka kutoka ukuta hadi ukuta, anapita juu ya uzio, anashuka ngazi kana kwamba anashuka kitandani.

Kijana wetu ameuona mwili wa Bou na mikono ya MacAskill. Tairi hakuliona. Wazee walituonya kuhusu kumuiga tembo, na matokeo yake tunayajua.

Tairi la nyuma la pikipiki ya traiali ni pana, la saizi 4.00 kwenye ringi ya 18, na la mbele ni jembamba, 2.75 kwenye ringi ya 21. Vitufe vyake ni vidogo, vya mraba, vimekaa karibu karibu. Mpira wake ni laini na kuta zake za pembeni ni laini pia. Upepo wake ndio utakaomshangaza fundi yeyote wa pancha wa Dar es Salaam: nyuma wanatia kama psi 4 au 5 tu. Kwetu tairi la namna hiyo tungesema limepata pancha. Kule ndivyo linavyotakiwa, maana linapokutana na jiwe linalikumbatia kama vidole vya mtu, halidundi.

Chukua tairi hilo hilo ulipeleke Morogoro Road kwa spidi ya 80. Kuta laini zinakunjika kwenye kona. Vitufe vinatikisika. Mpira unapata joto na kulika kama sabuni. Na ukifanya ujanja wa kupunguza upepo hivyo kwenye pikipiki yenye tyubu, siku utakayofunga breki ghafla tairi litazunguka juu ya ringi, litavuta tyubu na kung’oa vali. Upepo unatoka wote kwa mara moja. Hapo hakuna cha Bou wala MacAskill.

MacAskill naye, ingawa mchezo wake ni ndugu wa ule wa Bou, mahitaji yake ni mengine. Yeye anatua kwenye kingo za zege. Baiskeli ya mtaani ikiwa na upepo mdogo, ukingo unalibana tairi hadi kwenye ringi, tyubu inatobolewa matundu mawili kwa mpigo. Kwa hiyo tairi la mtaani linajazwa upepo zaidi, na uso wake hauna meno marefu, kwa sababu zege na lami havina tope la kung’ata. Mchezo wa ukoo mmoja, uwanja tofauti, tairi tofauti.

Tukitoka kwa mabingwa tuje kwa bodaboda wetu wa kila siku, kosa kubwa tunalolisema leo ni la kashata. Kuna imani vijiweni kwamba tairi la kashata, lenye meno makubwa yaliyoachana, ndilo tairi “gumu” na ndilo la kiume. Pikipiki inaonekana imejaa. Utasikia jamaa anasema, “Hii mwanangu haitelezi popote.”

Inateleza. Na inateleza pale pale anapodhani yuko salama, kwenye lami yenye maji.

Sababu yake si ngumu. Kwenye tope, meno makubwa yanazama, yanapata cha kushika, na nafasi kati yake inamwaga tope nje kila tairi linapozunguka. Kwenye lami hakuna kinachozama. Kinachokushikilia pale ni ukubwa wa mpira unaogusa barabara, na kashata ina mpira kidogo unaogusa kwa sababu nusu ya uso wake ni mashimo. Ukifunga breki, meno yanapinda kwanza ndipo yashike. Ukilala kwenye kona, unakuwa umesimama juu ya ncha za meno machache. Mvua ikinyesha, mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Tairi la lami lina uso uliojaa mpira, na mifereji myembamba iliyochongwa kiwandani kwa kazi moja: kukamua maji yatoke pembeni ili mpira uiguse lami. Ndiyo maana magari ya Formula One kwenye jua hutumia tairi lisilo na mfereji hata mmoja, na mvua ikishuka wanaingia kubadilisha wavae lenye mifereji. Kwenye ukavu, mpira mwingi ndio mshiko. Kwenye maji, bila mfereji unaelea.

Basi achague nini mtu wetu? Ushauri wetu ni kwamba ahesabu safari zake kumi za jana. Kama nane zilikuwa za lami, anunue tairi la lami, na zile mbili za vumbi aende taratibu. Bodaboda wa Kariakoo na Posta hana sababu yoyote ya kufunga kashata. Kama nane zilikuwa za tope na vilima, kama ndugu zetu wa Rungwe au Lushoto vijijini, kashata ni halali yake, ila akifika lami ajue amevaa daluga za tope kwenye sakafu: apunguze mwendo, aache nafasi ndefu zaidi ya breki. Na yule wa nusu kwa nusu, wa mitaa ya pembezoni mwa mji ambako lami inaishia kituoni na tope linaanzia hapo hapo, kuna tairi la katikati. Katikati ya uso wake vitufe vimebanana karibu vishikane na lami, pembeni vimeachana kidogo kwa ajili ya vumbi na tope. Halitakuwa bingwa wa popote, lakini ni kiungo mkabaji: linafanya kazi chafu pande zote mbili.

Jambo jingine ni tairi la mbele. Wengi wakipata hela ya tairi moja wanakimbilia la nyuma kwa sababu ndilo linaloisha haraka. Sawa, lakini la mbele ndilo linalokata kona na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya breki. La nyuma likiteleza, dereva mzoefu anaweza kulirudisha. La mbele likiteleza, kabla hajasema “mama” yuko chini. Kwa hiyo la mbele lisiachwe likawa kipara eti kwa sababu “linasukumwa tu”.

Kabla hujalipa dukani, soma ubavu wa tairi. Ukiona 3.00-17, maana yake upana ni kama inchi tatu na ringi yake ni ya inchi 17. Ukiona 90/90-18, upana ni milimita 90, kimo ni asilimia 90 ya upana huo, ringi ni ya 18. Kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Fundi akiugeuza, mifereji inafanya kazi kinyume. Kuna tarakimu nne zinazoeleza siku ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa limezeeka, limekauka na kupasuka pasuka ubavuni kwa kukaa juani mlangoni mwa duka. Meno ya mzee yanaweza kuwepo yote, haina maana anaweza kucheza dakika 90.

Halafu kuna namba na herufi kama 50P. Wengi hawazijali, na hizi ndizo zinazoumbua mshikaki. Namba 50 inamaanisha tairi hilo linabeba mwisho kilo 190 likiwa na upepo wake kamili. Herufi P ni spidi ya mwisho, kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu. Dereva na abiria wawili, kila mmoja kilo 70, ni kilo 210. Hapo hujaweka pikipiki yenyewe, ambayo inazidi kilo 100. Hata ukiligawia tairi la mbele fungu lake, abiria wote wawili wamekaa juu ya la nyuma. Tairi limezidiwa kabla safari haijaanza. Trafiki akiwakamata mnasema anawaonea, kumbe kiwanda kilishaandika ubavuni.

Upepo nao una maneno. Pikipiki nyingi za bodaboda zinataka karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako hadi 32 ukiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Upepo unapimwa asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa geji, si kwa kulipiga teke. Teke halijui tofauti ya 20 na 30. Upepo ukipungua, tairi linapata joto na kuyumba. Ukizidi, linakuwa gumu kama mpira wa kikapu, linagusa lami kwa mstari mwembamba wa katikati na kudunda kwenye kila tuta. Mwenye kupunguza kidogo ili apite kwenye tope au mchanga, hatumkatazi, ila akifika lami ajaze kwanza ndipo aendelee.

Na hata tairi jipya kabisa lina utelezi wa kiwandani juu ya ngozi yake. Kilomita mia za kwanza liende kwa adabu, bila kona za mbwembwe, mpaka ngozi ile ikwanguke. Wengi wameanguka siku ya kwanza ya tairi jipya wakiwa na risiti mfukoni.

Tunakuja sasa kwenye lile la aibu. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vilivyoinuka. Uso wa tairi ukishashuka hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limekufa. Hapo ndipo baadhi yetu tunapolipeleka likachongwe mifereji upya kwa kisu cha moto. Kuchonga kipara hakurudishi mpira uliokwisha. Kunapunguza hata kile kidogo kilichobaki juu ya nyuzi. Ni sawa na kumpaka rangi nyeusi mchezaji mwenye mvi ukamwombee namba timu ya vijana.

Kwa nini watu wanafanya hivyo? Tusiwe wanafiki. Dereva wa bodaboda wengi si mwenye pikipiki. Ana bosi anayesubiri hesabu kila jioni, tairi lipo, tairi halipo. Aliye kwenye mkataba mara nyingi ndiye anayebeba matengenezo yote, na bei ya tairi inakula hesabu za siku kadhaa. Akiahirisha wiki hii, ataahirisha na ijayo. Masika inaingia Machi, kipara bado kinazunguka.

Kwa hiyo lawama zetu haziishii kwa dereva. Tunawaambia mabosi: tairi ni mtaji wako, si anasa ya kijana. Pikipiki ikilala chini, unapoteza pikipiki, unapoteza hesabu, na unapata kesi. Ondoa hesabu ya siku mbili ununue tairi, au wekeni fungu la tairi ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza.

Tunawaambia wenye maduka: kijana akija anataka kashata kwa sababu inapendeza, muulizeni anafanyia kazi wapi. Mteja aliye hai atarudi kununua tena.

Tunawaambia viongozi wa matawi ya mashabiki, na hapa tunazungumza na Simba, Yanga, Azam na wengine wote bila kubagua jezi. Tawi likipanga msafara wa bodaboda ishirini kwenda kuipokea timu, mtu mmoja apite na geji na macho yake mawili. Kipara kisitoke. Mwenye kashata akae nyuma ya msafara, asikate kona kwa sifa. Na hizo mbwembwe za kunyanyua tairi katikati ya watoto waliobeba bendera zikome. Bou anafanya vile kwenye eneo lililofungwa kwa kamba, kalikagua kwa miguu yake kabla ya kuingia, na anavaa kofia ngumu. Kijana anayetaka mchezo huo aombe eneo, afundishwe, avae. Tutakuwa wa kwanza kumwandika kwenye kurasa hizi.

Na wewe shabiki, abiria, una nguvu kuliko unavyodhani. Unajua kumkataa beki wa kulia anayepanda na kusahau kurudi. Jifunze kulikataa tairi. Kabla ya kuuliza “buku ngapi?”, tupa jicho chini: la mbele lina mifereji? La nyuma halijabonyea? Ubavu haujapasuka? Ni sekunde tano. Likiwa kipara, sema tu, “Kaka, leo sipandi,” mwite anayefuata. Madereva wakikosa abiria wawili watatu kwa sababu ya kipara, bosi atasikia habari hizo jioni ile ile.